Mlezi Naye Afundishwe

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za kahawa, za bei, za ghala jipya na za madeni tuliyoyalipa. Hatuna haja ya kuyarudia. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeomba nafasi ndogo tuseme juu ya jambo ambalo katika vitabu vyetu vya hesabu huchukua mstari mmoja tu, nalo ni kituo chetu cha watoto wadogo, na mafunzo ya wale wafanyao kazi humo.

Twapenda kuanza kwa swali. Katika Chama hiki hapana mtu anayekabidhiwa mizani bila kufundishwa. Mizani yenyewe hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri, na karani akikosea kilo mbili tu wajumbe watasimama hapa kumwuliza. Makarani wetu wa hesabu tumewapeleka Moshi, kwenye chuo cha ushirika kilichofunguliwa mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu. Bwana shamba hatumpokei mpaka atuonyeshe cheti chake. Je, ni kwa sababu gani mtu wa kushika mtoto hatukumwuliza neno lo lote?

Ukweli ni huu, nasi hatuna budi kuukiri siku ya sherehe kama vile tungeukiri siku ya mashtaka. Tulipofungua kituo, katika mwaka wetu wa pili, tulisema, "Kulea ni kazi ya kila mwanamke, atafutwe msichana asiye na kazi." Akapatikana. Tukampa chumba kimoja, sufuria, mikeka sita, na mshahara mdogo kuliko wa mlinzi wa lango. Watoto walikuwa kumi na wawili. Msimu wa kuvuna ulipofika, mama zao walipokuwa mashambani tangu alfajiri, watoto wakafika arobaini, na mlezi akabaki yeye mmoja.

Wengi wenu mwakumbuka yaliyotokea. Siku moja, mlezi alipokuwa jikoni akikoroga uji, mtoto wa miaka miwili alipenya uzio akatambaa mpaka ukingoni mwa birika la kulowekea kahawa. Mlinzi alimwona akamdaka. Mungu alitustiri, mtoto yu hai, na mwaka huu yumo shuleni. Lakini sisi tulifanya nini? Tulimfukuza yule msichana siku iyo hiyo. Hatukuuliza ni nani aliyempa watoto arobaini, na jiko pamoja nao. Aliyestahili kuulizwa alikuwa kamati yetu, na Katibu wake wa kwanza. Twasema hadharani leo kwamba tulimdhulumu, na twaomba radhi kwake na kwa wazazi wake.

Baada ya wiki chache alikuja Afisa Ustawi wa Jamii. Alitukuta hatuna usajili wala mlezi mwenye mafunzo, akaamuru kituo kifungwe. Tulinung'unika sana, kwani ilikuwa katikati ya msimu. Mama waliwabeba watoto mgongoni wakivuna, au waliwaachia dada zao wa darasa la nne, ambao kwa hiyo hawakwenda shule. Hata hivyo afisa yule alikuwa na haki. Sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo ilikuwako tangu mwaka 1981, na mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sisi ndio hatukuisoma.

Waheshimiwa Wajumbe, yafaa sasa tueleze mlezi hufundishwa nini, maana wako wanaodhani kwamba hufundishwa nyimbo tu. Hufundishwa hatua za kukua kwa mtoto, ili ajue lini atazamie neno la kwanza, na lini kimya cha mtoto kiwe ni dalili ya sikio lisilosikia. Hufundishwa huduma ya kwanza: mtoto aliyepaliwa na punje ya mahindi hutendewa nini kabla ya kumkimbiza zahanati. Hufundishwa uji upikwe vipi uwe na nguvu, na mikono ioshwe wakati gani. Hufundishwa kuongoza mchezo, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hajifunzi kwa kuketi kimya na kuimba herufi. Hujifunza kwa kupanga vifuniko vya chupa, kuhesabu mbegu za maharagwe, kufinyanga udongo na kusimuliwa hadithi. Hufundishwa kuandika daftari la kila mtoto na kuzungumza na wazazi kwa adabu. Tena hupelekwa kufanya mazoezi mbele ya watoto, mwalimu wake akimtazama.

Haya si mambo ya anasa. Wataalamu watuambia kwamba ubongo wa mtoto, kabla hajatimiza miaka 6, huwa umefikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Wazee wetu walilijua jambo hili bila vipimo, wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wala si mambo ya watoto wa matajiri. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini kama wazazi wa hapa. Miaka miwili baadaye alianza kuwafundisha walimu, kwa kuwa aliona nyumba na vifaa havitoshi bila mtu ajuaye kumtazama mtoto.

Katika nchi yetu njia ziko mbili, na vijana wetu wazijue. Njia ya kwanza ni ya ustawi wa jamii, nayo ni ya walezi wa vituo vya mchana kama chetu. Chuo cha Kisangara, wilayani Mwanga, kimejulikana kwa miaka mingi kwa mafunzo hayo. Njia ya pili ni ya elimu, nayo ni ya walimu wa madarasa ya awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na kipimo cha wizara ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu huyo hupita chuo cha ualimu, na kutoka hapo aweza kuendelea mpaka shahada. Tena mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhesabu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Kwa hiyo kijana achaguaye kazi hii leo achagua kazi yenye ngazi za kupanda.

Lakini mlangoni mwa vyuo hivi pana kizingiti, nacho ni cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu unaotakiwa. Hapa ndipo palipo na uchungu wetu wa sasa.

Kituo kilipofunguliwa tena, mama mmoja wa hapa alikubali kutusaidia. Hatutamtaja jina, ingawa nyote mwamfahamu. Amelea watoto wetu miaka saba. Mtoto aliaye humnyamazia yeye. Mtoto mgonjwa humtambua kabla mzazi hajatambua. Elimu yake ni ya darasa la saba. Mwaka jana tulipotangaza kwamba atatafutwa mlezi mwenye cheti awe mkuu wa kituo, alisimama mkutanini akasema, "Mwanangu Katibu, nimewalea watoto wenu miaka saba. Leo mwaniambia sijui?" Tulikosa jibu, tukaketi.

Tumelitafuta jibu hilo mwaka mzima. Kusema cheti hakina maana kutaturudisha kwenye lile birika. Kusema miaka saba ya mama huyu haina maana kutakuwa dhuluma ya pili. Yatupasa kufuata njia ya tatu: anayejua kwa mikono apewe na kitabu, na anayejua kwa kitabu apewe na mikono.

Wenzetu wamekwisha kujaribu. Jirani zetu wa Kenya walianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakaanza vituo vya wilaya. Mwalimu wa chekechea, ambaye mara nyingi aliajiriwa na wanakijiji wenyewe, alisoma miaka miwili bila kuiacha kazi yake: wakati wa likizo alikwenda darasani, na muhula ulipoanza alirudi kwa watoto wake, wakufunzi wakamfuata huko huko kumkagua. Pale Mombasa, mwaka 1986, ulianza mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ambao baadaye ulienea Zanzibar na Uganda. Huko nako waliofundishwa walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, na chekechea ilikuwa mali ya jamii yenyewe. Hivi ndivyo ushirika ulivyo, hata pale usipoitwa kwa jina hilo.

Kwa yule asiyepita sekondari, nchi yetu imeacha mlango ulio wazi. Mtu mzima aweza kusoma masomo ya sekondari kwa njia huria kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu, hatutawadanganya. Mama yetu ameianza. Jioni, kituo kikisha kufungwa, twamwona ameketi penye baraza ya ghala na daftari lake, na binti mmoja wa karani humwelekeza hesabu. Mwezi uliopita alituambia kwamba sehemu zimemshinda, lakini hazijamfukuza.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako twaleta mapendekezo manne, nasi twaomba mkutano huu uyapime.

La kwanza: mabinti wawili na mvulana mmoja wa vyama vyetu vya msingi, waliomaliza kidato cha nne na kufaulu, wapelekwe chuo kwa gharama ya Chama, nao wafunge ahadi ya kukitumikia kituo kwa muda utakaokubaliwa. Tumesema mvulana kwa makusudi, maana hapana sheria isemayo kwamba mkono wa mwanamume haujui kumshika mtoto.

La pili: mama yetu abaki kituoni kwa cheo cha mlezi mwandamizi, karo na vitabu vyake vilipwe na Chama, na hao vijana watakaporudi na vyeti wakae chini yake msimu mzima kabla hawajakabidhiwa kundi.

La tatu: mlezi mwenye cheti alipwe sawasawa na karani wa mizani. Tusipofanya hivyo tutawasomesha watu wa mjini.

La nne: fedha. Tukitenga shilingi 10 katika kila kilo ya kahawa, mwanachama aletaye kilo 300 atakuwa ametoa shilingi 3,000 kwa msimu. Twajua kuna watakaouliza kama kazi ya ushirika si kuuza kahawa tu. Twawajibu kwa historia. Wale wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844 na ambao ushirika wa dunia nzima huwahesabu kuwa wazee wake, walitenga asilimia 2½ ya ziada yao kwa ajili ya elimu, nao hawakuwa na ziada kubwa. Na katika kanuni saba za ushirika zilizotangazwa Manchester mwaka 1995, ya tano ni elimu na mafunzo. Kanuni hiyo imebandikwa ukutani mwa ofisi yetu, na hatukuibandika iwe pambo.

Hatutaki kumaliza sherehe hii kwa maneno ya kulaumu. Chama kimefanya mengi, na ghala lile jipya ni ushahidi. Lakini mwakani, msimu utakapofunguliwa, mama atafika alfajiri na kapu lake la kuvunia mkono mmoja, na mtoto mkono wa pili. Kapu atalileta mizanini jioni, nasi twajua nani atakayelipima, alisomea wapi na cheti chake ni cha mwaka gani. Twaomba na mtoto tuweze kumjibu mama vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.