Tutajuaje Kama Dawa Inafaa?



Uko ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Mgonjwa huharisha damu, hupata nafuu, halafu ugonjwa hurudi. Basi, akipata nafuu baada ya kumeza dawa, tutajuaje kuwa ni dawa iliyomsaidia?

Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lao. Wagonjwa 109 walipewa vidonge vya kotisoni. Wengine 101 walipewa vidonge vya kufanana navyo, lakini vitupu, havina dawa. Baada ya wiki sita, ugonjwa ulitulia kwa watu 45 wa kotisoni. Na wa vidonge vitupu? Watu 16.

Mnaona? Dawa ilifaa. Lakini hata wale 16 wangeapa kuwa kidonge chao kiliwaponya!

Kwa hiyo ukiambiwa, "Fulani alikunywa akapona," uliza: na wasiokunywa, je?