Hesabu Kwanza, Kompyuta Baadaye
(Hotuba ya walimu iliyosomwa Sikuda, siku ya kumbukumbu ya kuvuka mpaka)



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tulivuka mpaka huu tukiwa wanafunzi, vitabu vyetu vikiwa vimebaki nyuma. Wengi wetu tulikaa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo mwaka huo huo. Leo sisi ni walimu. Kamati imetuagiza tusiseme ya nyuma tu, bali tujibu swali ambalo wazazi hutuuliza kila muhula: "Mwalimu, mtoto wangu anataka kusomea kompyuta chuo kikuu. Afanyeje?"

Kwanza tuelewane. Kujua kupiga chapa barua na kusomea sayansi ya kompyuta ni mambo mawili. La kwanza ni ujuzi wa wiki chache, nao una manufaa yake. La pili ni shahada. Chuo Kikuu cha Makerere huifundisha kwa miaka mitatu. Karibu zaidi nasi, Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 humu humu wilayani Busia, kina shahada ya uhandisi wa kompyuta ya miaka minne.

Mnazikumbuka foleni za mgao. Karani ana orodha ya majina 1,000. Akisoma kutoka juu, huenda akafika mwisho ndipo alione jina lako. Lakini majina yakipangwa kwa alfabeti, atatazama la katikati. Akiona kwamba lako liko mbele zaidi, ataiacha nusu yote ya kwanza, kisha atafanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki. Hatapita hatua 10. Majina yakifika 1,000,000, ni hatua 20 tu. Ndugu zangu, hiyo ndiyo sayansi ya kompyuta, na hapo hapakuwa na umeme wala mashine! Ni elimu ya kutafuta njia iliyo fupi na ya hakika. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na hesabu na mantiki pamoja na kuandika programu. Baadaye huja namna ya kupanga na kutunza taarifa, na namna kompyuta zinavyowasiliana.

Wapo wanaouliza elimu hiyo itamsaidiaje mkulima. Huko Makerere watafiti wa kompyuta wametengeneza programu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu. Sote hapa tunakula mihogo, na wengi tumeona shamba likiharibiwa na batobato. Hilo si jambo la Ulaya.

Sasa tukiri kosa letu. Tulikuwa na msichana hodari wa hesabu. Alipofika Senior 5 tulimshauri aache hisabati, tukisema ni nzito na kwamba masomo mengine yatampa alama kwa urahisi. Alitutii. Alifaulu vizuri, lakini alipotaka kuomba nafasi ya sayansi ya kompyuta, mlango ulikuwa umefungwa, kwa maana hisabati haikuwamo katika cheti chake. Yeye hakukosea. Sisi ndio tuliokosea, na hatutaki mzazi mwingine apokee ushauri wa namna ile kutoka kwetu.

Kwa hiyo tunawaombeni mambo matatu.

La kwanza, kijana mwenye nia hii, wa kiume au wa kike, asiiache hisabati Senior 5 na 6. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La pili, vyeti. Mtoto aliyefanya mitihani nje ya Uganda hana budi vyeti vyake vilinganishwe na UNEB kabla ya kuomba chuo. Msingoje majuma ya mwisho. Nafasi haimsubiri mtu ambaye karatasi zake ziko njiani.

La tatu, karo. Upo ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, kwa ajili ya wakimbizi wanaosomea shahada. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hivyo alama ndizo zitakazomsemea mtoto wako.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunajua kwamba Kamati ina mchango mdogo mkononi, na wengi wanataka zinunuliwe kompyuta mbili. Tunazipenda kompyuta. Hata hivyo, kwa heshima zote, tunaomba fedha hizo zianze kumlipa mwalimu wa hisabati wa jioni na kununua taa ya kusomea. Kompyuta iliyokaa mbele ya mtoto asiyejua hesabu itakuwa mashine ya kupigia chapa tu. Mtoto anayejua hesabu ataijua kompyuta siku yoyote atakayoikuta.

Tulivuka mpaka huu mikono mitupu, lakini yale tuliyokwisha kujifunza hakuna aliyetunyang'anya. Basi tuwape watoto wetu mzigo wa namna hiyo.