GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA!

Ndugu msomaji, mzazi mwenzangu wa Tunduma,

Leo niache kwanza habari za malori ya mpakani. Nataka tuzungumze habari za sufuria.

Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unalisha wengine. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi yetu na kuyaweka ghalani kungoja njaa. Ni jambo jema. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 32 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa 30. Wakulima hodari, watoto wafupi! Aibu hii ni ya nani?

Ugali peke yake haujengi mtoto. Na mchicha hauwekwi kwenye gunia ukangoja mwakani. Ghala la mboga ni bustani.

Basi napendekeza kila mtaa uwe na bustani kwenye kiwanja cha shule. Nusu ya mavuno iingie sufuria ya wanafunzi. Nusu wapewe wajawazito na wanaonyonyesha wasio na uwezo, maana kudumaa huanzia tumboni. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki huchumwa miezi mingi. Mtasema Tunduma maji ni shida. Kweli! Basi pandeni kwenye magunia, mmwagilie maji yaliyooshea mboga na mchele.

Najua swali lako: nani atakula? Nami nilimwagilia kabichi nikiwa darasa la tano. Sikuziona sufuriani hata siku moja. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 ili mwanafunzi ajifunze kwa kazi na aone faida yake, siyo awe kibarua wa wakubwa.

Kwa hiyo wazazi wachague kamati yao. Kila fungu liandikwe daftarini: limechumwa lini, limekwenda kwa nani. Daftari lisomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa. Atakayekataa kulisoma, mwondoeni.

Msingoje mgeni rasmi aje kukata utepe. Mvua zikianza, mbegu ziwe mkononi.