Batri ingine? Tupime kwanza

Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa wanachama, Lubumbashi



Leo tunasema juu ya kitu kidogo chenye kinakula franga ya kasha letu: batri ya moto. Wengi wetu tulirudi toka Zambia, wamoja ku Kala na Mwange mbele ya kambi kufungwa, wengine ku Meheba. Hapa Lubumbashi, moto njo imetupatia chakula. Kuna wenye kupakia watu, wale muji unawaita manseba, na kuna wenye kubeba makala na mboga mpaka ku soko. Moto zenyewe ni za zamani, zimekwisha kupita mu mikono ya watu wengi. Kuranti ikianza kukosa, taa zinafifia, na mwenyewe anarudi ku nyumba mbele ya jua kuzama. Lakini mangaribi, wakati watu wanatoka ku kazi, njo saa ya kupata franga.

Basi anakuja kukopa batri. Kisha miezi miwili batri mupya nayo imekufa. Deni linabakia, batri haiko.

Batri ni sawa ngunia ya unga. Tunatosha ndani kila siku, na moteri ikitembea njo inarudisha. Kama hakuna kurudisha, hata ngunia mupya itaisha. Wenye kurudisha ni wawili. Statori, ndani ya moteri, inatengeneza kuranti. Regilateri, kile kisanduku kidogo cha aluminiamu, inageuza kuranti ile ikuwe ya batri, na kuizuia isipite kipimo. Kwa kujua nani amelala, tufuate hatua tatu.

Ya kwanza ni macho. Vichwa vya batri vimekaza? Viko na unga mweupe ao wa kijani? Safisha na brosi. Batri ya maji ikipunguka, ongeza maji ya batri, si ya robine, na si asidi. Fuata waya ya masi mpaka ku shasi. Fungua fishi ya regilateri: plastiki ikiwa imeungua, ugonjwa unaweza kuwa pale. Vumbi ya wakati wa jua na mvua yenye kuanza Novemba vinaharibu fishi sana.

Ya pili ni namba tatu, testeri ikiwa ku batri. Moteri imezimwa: batri ya volti 12 yenye kujaa inaonyesha 12,6 hivi. Ikiwa 12,0, imeisha. Ichajiwe kwanza, juu batri tupu inadanganya vipimo. Kisha washa, pima mu ralanti. Kisha tia gazi ya katikati: namba ipande kati ya 13,8 na 14,5. Ikibakia 12 na kitu, batri hailishwi. Ikipita 15, regilateri haizuie tena: batri itachemka na ampule zitaungua. Hapo, ukiweka batri mupya, unaitupa.

Ya tatu, kama namba haipande, fungua fishi ya statori. Kwa moto yenye waya tatu za manjano, weka testeri ku alternatifu, washa, pima waya mbili mbili mpaka zote zipitiwe. Namba tatu zifanane, na zipande pamoja na gazi. Moja ikiwa chini sana, statori imeungua. Zima moteri, pima kila waya na masi: kuranti isipite.

Lakini angalisho: mu moto ndogo nyingi za zamani, upande moja wa bobini umefungwa ku masi toka kiwanda. Kwa hizo, kipimo cha masi hakisemi kitu. Na mara nyingi fare yao inakula moja kwa moja ku statori. Inaweza kuwaka muzuri wakati batri imekufa. Fare isikuwe shahidi wako.

Statori ikiwa nzima, waya nzima, na batri nzuri hailishwi, basi regilateri njo mwenye kosa. Statori ikiwa imeungua, uliza fundi wa kubobina mbele ya kununua ingine.

Toka sasa, kila ombi la mkopo wa batri lije na kikaratasi chenye namba tatu: moteri imezimwa, ralanti, gazi ya katikati. Testeri mbili zinakaa kwa mweka-kasha. Mwanachama yeyote anaazima bila kulipa. Mwenye hajue kusoma namba, tutapima pamoja naye, bila haya.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: testeri ni kitu kidogo, lakini inachunga franga yenu na jasho letu. Mkopo ukinunua kitu chenye kimeharibika kweli, moto inatembea mangaribi, deni linarudi, na mwenzetu mwengine anapata zamu yake.