Samaki Aliyedhaniwa Anakula Mayai

Wekeni daftari na penseli karibu, maana mwisho wa somo kuna kazi ndogo.

Leo tutazungumza juu ya samaki wa pambo, yaani samaki wanaofugwa katika vyombo vya kioo ili watu wawatazame na kufurahi. Hawafugwi kwa kitoweo. Mmoja wa watu wa kwanza kuwaleta samaki wa namna hii Ulaya kutoka nchi za mbali, na kuwazalisha huko, alikuwa Mfaransa aliyeitwa Pierre Carbonnier. Alikaa Paris, na kazi yake ilikuwa kufuga samaki.

Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikwisha kuwajua samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni China. Lakini mwaka 1869 Bwana Carbonnier alipata samaki mwingine kutoka nchi hiyo hiyo. Ni samaki mdogo, kama urefu wa kidole cha mtu mzima, na mwili wake una mistari myekundu na ya buluu. Katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa samaki wa peponi. Huko kwao hukaa katika mitaro na mashamba ya mpunga, mahali penye maji yaliyotuama.

Twajua sote kwamba samaki wengi wakiwekwa katika maji machache yaliyotuama hufa upesi. Huyu huvumilia. Kwa nini? Kwa sababu, pamoja na matamvua, ana kiungo kingine kichwani cha kuvutia hewa. Huja juu, humeza hewa, kisha hurudi chini. Ninyi mnaokaa karibu na mabwawa mmemwona kambare akifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kambare hukaa hai katika matope ambamo samaki wengine hufa.

Basi, Carbonnier aliwatia samaki wake katika chombo cha kioo, akawa anawatazama. Aliona dume akimtanulia jike mapezi yake ya rangi, kama tausi anavyotanua mkia. Kisha dume akapuliza hewa pamoja na ute wa kinywa chake. Mapovu yakashikamana juu ya maji, yakawa kama kisahani.

Jike akataga. Hapo Carbonnier akashtuka. Alimwona dume akiyafuata mayai na kuyatia kinywani! Akadhani yanaliwa. Fikiri, msomaji: samaki wametoka China kwa safari ndefu ya bahari, na sasa mayai yao yanapotea mbele ya macho yako. Ungefanya nini? Wengi wetu tungetia mkono majini upesi, tukamtoa yule dume.

Lakini punde dume aliyatema mayai ndani ya lile povu. Kumbe kile kisahani kilikuwa kiota, na yule aliyedhaniwa mlaji alikuwa mlinzi. Akakaa chini ya kiota. Povu likipungua, akapuliza jingine. Watoto walipoanguliwa, akawatunza. Kama angetolewa, mayai yangebaki bila mlezi.

Nasi tuna jambo linalofanana na hilo. Perege jike hutunza mayai yake kinywani. Mtu asiyejua akimwona anayachukua, atasema mama huyu anakula wanawe.

Sasa sikilizeni neno kubwa la somo letu. Carbonnier hakuishia kutazama. Aliandika yote aliyoyaona, na mwaka ule ule wa 1869 taarifa yake ikachapishwa katika jarida la chama kimoja huko Paris. Uingereza, mtaalamu mashuhuri Charles Darwin akapata habari hizo, akazitia katika kitabu chake juu ya asili ya binadamu. Carbonnier alifariki mwaka 1883. Samaki wale nao walikufa zamani. Lakini leo mimi na wewe twajua jinsi dume yule alivyojenga kiota chake, kwa sababu mtu alishika kalamu.

Nawe uliyejifunza kusoma na kuandika unayo kalamu hiyo. Mvuvi, mkulima na mfugaji huona mengi kila siku. Yasipoandikwa, mengi husahauliwa.

Kazi ya kufanya:
1. Kwa nini samaki huyu huweza kukaa katika maji yaliyotuama?
2. Carbonnier alidhani nini alipomwona dume na mayai? Ukweli ulikuwa nini?
3. Mtazame mnyama, ndege au mdudu mmoja wa nyumbani kwako kwa siku 3. Andika sentensi 5 juu ya uliyoyaona. Andika ulichokiona kwanza, na unachodhani baadaye.

Someni kazi zenu mbele ya wenzenu darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.