KARAKANA BILA RANDA NI DANGANYA TOTO

(Haya ni maneno aliyowaambia vijana wa Kimbiji mmoja wa wasemaji wetu. Tumeyafupisha kwa ajili ya nafasi. – Mhariri)

Sitawachosha, maana najua wengine mnawahi pwani.

Tazameni hapa kwetu. Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, wenye fedha wanavuka kutafuta viwanja, na nyumba zinaota kama uyoga. Kijana wa hapa anapata nini? Anabeba ndoo ya zege, jioni anapewa chake. Anayesoma ramani na kukadiria nondo ametoka ng'ambo, na jioni anarudi kwake. Ardhi ilikuwa ya babu yako, ndoo ni yako, lakini ramani ni ya mwenzako!

Wakati huohuo mdogo wako yuko sekondari anakariri kanuni ya Pythagoras. Muulize ni ya nini, atakwambia ni ya mtihani. Hajui kwamba fundi anayepanga msingi anaitumia kila siku. Anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya mshazari ikisoma mita 5, kona imekaa mraba. Isiposoma 5, nyumba inakwenda upande.

Kemia nayo ni hivyohivyo. Anakariri chumvi za kila aina, lakini nani amemwambia kuwa mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo ndani ya zege mpaka linapasuka? Kwa watu wa pwani kama sisi, somo hilo ni uhai. Machi 29, 2013 jengo lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Simnyooshei fundi yeyote kidole. Nasema nchi inayojenga kwenda juu inataka watu wengi wanaojua wanachokifanya.

Sasa tunaambiwa dawa imepatikana. Januari 31, 2025 ilizinduliwa Dodoma sera ya elimu yenye mikondo miwili sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Vizuri. Sisi si wapinzani wa kila kitu. Lakini wimbo huu tumeusikia zamani.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Zikawepo shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara. Lakini ufundi ni elimu ghali. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, vifaa vikachakaa, na shule nyingi zikabaki na mchepuo wa jina tu.

Majirani zetu Kenya nao walionja. Walipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, wazazi walichangishwa kujenga karakana. Vifaa na walimu havikutosha, na baadaye masomo hayo ya mikono yakapunguzwa. Kwetu hapa, mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara 3. Mlalahoi akachangishwa, kuta zikasimama. Kuta hazifundishi mtu!

Kwa hiyo, wakija kutukatia utepe wa karakana, tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize kwanza. Mwalimu wa ufundi yuko wapi, na amewahi kujenga nini? Randa ni ngapi, timazi ngapi, pima maji ngapi, kwa wanafunzi wangapi? Saruji na mbao za mazoezi zitanunuliwa na nani kila muhula? Umeme upo? Na mtoto wa mkondo wa amali akitaka kuwa mhandisi, njia iko wazi au tayari ameshafungiwa mlango?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Amali isifanywe jalala la watoto wa wavuja jasho, huku watoto wa vigogo wakiandaliwa kuwa mabosi wao. Kama ufundi ni mzuri, basi ni mzuri kwa wote, na fedha zake zionekane kwenye bajeti, siyo kwenye hotuba.

Msiseme hayo ni ya wabunge. Bodi ya shule ipo, mikutano ya mtaa ipo, diwani ana jina na sura. Nendeni mkaulize, mtake majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na mwaka ukipita mrudi nao mkononi. Kiongozi anaweza kusahau alichoahidi. Karatasi haisahau.