MAZUNGUMZO: Kubadilisha Programu ya Ndani ya Vipokezi vya Upimaji na Usalama wa Mipaka ya Ardhi

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa Visiwa. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu wake.



Aghalabu mkaazi humwona mpima ardhi amesimama kiwanjani akishika fimbo ndefu, na juu ya fimbo hiyo pana chombo mfano wa bakuli lililofunikwa. Chombo hicho ni kipokezi cha setilaiti. Hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS za Marekani, GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China, zinazozunguka juu ya ardhi kwa umbali unaozidi kilomita 19,000. Kipokezi hicho kikisaidiwa na mwenziwe aliyewekwa juu ya nguzo inayojulikana mahali pake, huweza kutaja pale kiliposimama kwa kukosea sentimita moja au mbili. Simu ya mkononi hukosea mita kadhaa, na kwa hiyo haifai kutilia jiwe la mpaka.

Ndani ya kipokezi mna programu iliyotiwa kiwandani. Programu hiyo ndiyo inayoyafasiri mawimbi, ndiyo inayohesabu, na ndiyo inayojua tarehe. Kiwanda hutoa toleo jipya la programu kila baada ya muda, na mwenye chombo hutakiwa alitie mwenyewe kwa kompyuta. Wapima ardhi wengi huchelea kazi hiyo. Husema kwamba chombo kinachofanya kazi kiachwe kama kilivyo, na kwa kiasi fulani wana haki, kwani vipokezi kadhaa vimewahi kunyamaza katikati ya kazi hiyo. Hata hivyo kuna mambo ambayo hayaruhusu kuachwa.

Mfano ulio wazi ni hesabu ya wiki. Mfumo wa GPS ulianza kuhesabu wiki zake tarehe 6 Januari 1980, na katika mawimbi yake ya asili nafasi iliyotengewa hesabu hiyo inatosha wiki 1,024 tu. Zikitimia, hesabu hurudi sifuri. Ilirudi mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1999, na mara ya pili usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Mara ya tatu itakuwa mwezi wa Novemba 2038. Kipokezi chenye programu ya zamani hakijui kwamba duru mpya imeanza, hivyo hurudi nyuma kwa miaka kumi na tisa na ushei. Katika duru ya Aprili 2019, mtandao wa mawasiliano wa Jiji la New York, uliokuwa ukiitwa NYCWiN na kutumiwa na polisi na idara nyingine za jiji, ulikatika kwa muda wa siku kama kumi kwa sababu programu za vyombo vyake hazikuwa zimebadilishwa kwa wakati. Jiji tajiri kama hilo lilipatwa, licha ya ofisi yenye vipokezi viwili na fundi mmoja.

Inafaa pia kufahamika kwamba si kila kipokezi hukosea siku ile ile. Baadhi ya viwanda huhesabu wiki 1,024 kuanzia siku programu ilipoandikwa, na kwa hiyo kipokezi huweza kuharibika tarehe katika mwezi wowote bila ya kutangazwa popote. Dalili yake ni faili za upimaji zenye mwaka usiokuwa huu. Mahali huweza kuwa sahihi, lakini faili yenye tarehe ya uongo haiwezi kulinganishwa na njia za setilaiti za siku ile, na kazi ya siku nzima huwa imepotea.

Basi kazi ya kubadilisha programu inapoamuliwa, jambo la kwanza ni kuandika. Mipangilio yote ya kipokezi iandikwe au ihifadhiwe katika kompyuta: namba ya toleo lililomo, aina ya antena, mfumo wa ramani unaotumika, kasi ya mawasiliano ya waya, ujumbe unaorushwa na kipokezi cha msingi na, zaidi ya yote, mahali pa kipokezi hicho cha msingi kwa tarakimu zake zote. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kuwa ni ufundi, na baadaye hujuta.

La pili ni umeme. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Programu ya zamani ikishafutwa na mpya haijakamilika kuingia, umeme ukikatika kipokezi hubaki hakina la kusema. Betri ya kipokezi ijae, betri ya kompyuta ijae, na kompyuta izuiwe isijizime yenyewe. Waya uwe ule uliokuja na chombo. Zipo nyaya za simu zinazopitisha umeme tu na hazipitishi habari, na fundi anaweza kuhangaika asubuhi nzima akidhani kipokezi kimekufa.

Pengine kipokezi hukataa toleo jipya tangu mwanzo. Hapo isilazimishwe. Huenda faili ni ya aina nyingine ya chombo, huenda toleo lililomo ni kongwe mno na ni lazima kupitia toleo la kati kwanza. Sababu nyingine ni ya fedha: baadhi ya viwanda huruhusu yale matoleo tu yaliyotolewa kabla ya muda wa dhamana ya chombo kwisha, na ofisi isiyohuisha dhamana hukutana na mlango uliofungwa. Jambo hili liangaliwe siku ya kununua, wakati bei inazungumzwa.

Kazi ikikwama katikati, subira ni bora kuliko kuchomoa waya. Maelezo ya kiwanda hutaja muda, na muda huo ungojewe, na zaidi yake. Ikithibitika kwamba imekwama kweli, vipokezi vingi vina njia ya dharura ya kuwashwa kwa programu ndogo isiyofutika, na kutoka hapo toleo hutiwa upya. Kuna na kunyamaza kwa namna nyingine, ambako si kifo hata kidogo. Baada ya mabadiliko kipokezi hurudi katika mipangilio ya kiwandani, na kasi ya waya nayo hurudi. Kompyuta inasubiri kwa kasi ya 115,200, kipokezi kinasema kwa 38,400, na kila mmoja hamsikii mwenziwe. Fundi akibadilisha kasi upande wa kompyuta, kipokezi huzungumza.

Huja pia siku ambapo kipokezi kinazungumza, setilaiti kinaziona, lakini jibu lake linaelea na halitulii. Mara nyingi kipokezi kimoja kimebadilishwa na mwenziwe ameachwa. Kile cha msingi kinarusha ujumbe wa namna mpya, na kile cha fimboni kinajua wa zamani tu. Au ule ujumbe namba 1230, ambao husawazisha tofauti za setilaiti za Urusi baina ya vipokezi vya viwanda mbalimbali, umeacha kurushwa. Vipokezi viwili vinavyofanya kazi pamoja vibadilishwe siku moja, na kamwe isiwe katikati ya kazi ya upimaji iliyokwisha kuanza.

Matatizo yote hayo yana nafuu moja: yanaonekana. Kipokezi kilichokufa hakimnyang'anyi mtu ardhi yake. Linalopaswa kuogopwa ni kipokezi kilichobadilishwa kikawaka vizuri, kikaonyesha jibu thabiti lenye usahihi wa sentimita, na kikawa kinakosea.

Hilo hutokea hivi. Kipokezi cha msingi kilipofutwa mipangilio kilisahau mahali pake. Fundi akikiwasha bila ya kukirudishia zile tarakimu, baadhi ya vipokezi hujitafutia wenyewe kwa dakika chache na kukadiria, na makadirio hayo hukosea mita moja, pengine mbili. Kipokezi cha fimboni hakina habari. Chenyewe hupima umbali wake kutoka kwa mwenziwe, na umbali huo ni sahihi kwa sentimita, kwa hiyo kioo huandika kwamba kila kitu ni kizuri. Mawe yote ya siku ile yatasogea kwa pamoja, kwa mita ile ile, kuelekea upande ule ule. Hata mpimaji mwangalifu akichukua utepe na kupima kutoka jiwe hadi jiwe, ataona kiwanja kimetimia mita 20 kwa 15 kama ilivyoandikwa, kwa sababu kosa halimo katika umbo la kiwanja. Kosa limo katika mahali kilipowekwa. Litajitokeza mwaka mwingine, jirani atakapopimiwa na mwengine, na ukuta wa mmoja ukaonekana umeingia mita nzima kwa mwenziwe. Hapo shauri hupelekwa kwa sheha, kisha mahakamani, na kila upande una ramani halali mkononi.

Mfumo wa ramani nao huweza kurudi wa kiwandani. Ramani nyingi za zamani za Visiwa na za Bara zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na vipokezi huanza kwa ule wa kimataifa wa WGS 84. Tofauti baina yao katika sehemu hizi ni kiasi cha mita 300. Kosa kubwa kama hili lina afadhali, maana jiwe litaangukia baharini au msikitini na mtu atashtuka. La mita moja halimshtui mtu.

Kwa sababu hiyo, kipokezi kilichobadilishwa programu kisipelekwe kiwanjani kabla ya kujaribiwa juu ya nguzo mbili zinazojulikana. Cha msingi kiwekwe juu ya nguzo ya kwanza, cha fimboni kipime nguzo ya pili, kisha kizimwe, kingojwe saa moja au mbili, na kipime tena. Tarakimu zilinganishwe na zile za daftari la nguzo. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita chache, kazi isianze. Jaribio hilo, pamoja na namba ya toleo, tarehe na jina la aliyefanya, yaandikwe katika daftari la chombo, ili atakayekuja baada yake ajue tangu lini kipokezi kimekuwa kikisema hivyo.

Mkaazi naye ana nafasi yake. Anayepimiwa kiwanja anaweza kumuomba mpimaji, kwa adabu, asimamishe fimbo kwanza juu ya mawe mawili ya zamani ya majirani na kuonyesha kwamba tarakimu zinakubaliana na hati zao, ndipo jiwe jipya litiwe. Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa, na inafaa sheha na majirani wawepo inapofanywa.